Ukuta Tuliouacha Dzaleka

Mimi ni fundi cherehani, na mchezo wa magongo niliujulia kwenye simu. Dada yangu alihamia Kanada, na mwanawe anacheza magongo juu ya barafu. Dada hachoki kunitumia video za mazoezi ya huyo mtoto. Basi nikawa nashona huku naangalia watoto waliovimba kwa nguo kama magodoro, wakiteleza na kugongana, na kocha wao akibweka pembeni. Jambo moja lilinikamata. Wale watoto wakipata mpira karibu na goli lao, ambao kwao ni kidude cheusi cha bapa, hawaupigi ovyo. Kwanza wanageuza shingo kuona nani anakuja, kisha wanaitana, halafu wanausukuma kwenye ukuta wa pembeni, unadunda na kumfikia mwenzao aliye mbele. Wameshatoka! Nilipenda mpaka nikashona mkono wa blauzi kwenye shingo.

Kwa hiyo mwalimu wa shule moja ya mtaa wa Area 49 kule Lilongwe alipotuletea gunia la magongo yaliyochakaa, watoto wa kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka walikuwa na kocha tayari, wakaniita mama koshi. Barafu tu ndiyo ilikosekana.

Tulifanyia mazoezi kwenye uwanja wa saruji, ubavuni mwa kanisa. Siku za kwanza nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mtoto akipewa mpira karibu na goli lake, alifumba macho akaupiga katikati, palepale adui aliposimama, na goli likaingia. Kila mara! Mimi hasira zangu ziko karibu, nilitupa kandambili mara mbili. Halafu nikakumbuka kwamba nina gunia zima la vipande vya vitambaa. Nikawa nasimama nyuma ya mtoto na kuinua kipande kimoja, naye hana ruhusa ya kugusa mpira kabla hajageuza shingo na kutaja rangi.

“Nyekundu!”

“Kijani!”

“Ya maua, mama koshi!”

Baada ya wiki chache walikuwa wanageuza shingo hata wakichota maji bombani. Na ule ukuta mrefu wa kanisa walijua kuutumia kuliko wale wa barafuni. Rangi, sauti, ukuta, na mpira umeshafika mbele. Nilitembea kambini kifua mbele, mtu angedhani nimeolewa upya.

Aliyeumia ni shemasi. Ukuta ule aliupiga lipu kwa mikono yake, na sasa lipu ilikuwa inabanduka mahali palepale tulipogonga. Akaja siku moja na koti lake la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne, nikajua mambo ni mazito.

“Mama, batoto yako banamalizaka ukuta yangu,” alisema kwa Kiswahili chetu cha kambini, ambacho “ndiyo” ni “njo”. “Kwaya njo inaomba hii kiwanja. Sasa sikia. Nasikia mutaenda kucheza Lilongwe. Mi nitaenda nanyi. Mukiweka hata goli moja, tutaongea. Mukikosa, kiwanja ni ya kwaya.”

“Goli moja tu, papa shemasi?”

“Moja tu. Mi siko mutu mubaya.”

Nilicheka moyoni. Goli moja! Sikulala kwa furaha.

Tukapata karatasi za ruhusa, tukasafiri, tukafika kwenye uwanja wa ile shule ya Area 49. Ulikuwa mzuri, majani mafupi, mistari myeupe imenyooka kama ya rula. Nikauzunguka kwa macho nikihisi kuna kitu kinapungua, lakini sikujua ni nini. Filimbi ikalia.

Beki wetu wa kushoto, msichana mrefu mwenye utulivu wa bibi harusi, akapata mpira wa kwanza. Akageuza shingo vizuri kabisa. Akapaza sauti, “Nyeupe!” kwa sababu adui walivaa nyeupe. Mwenzake akaitika mbele. Naye akausukuma mpira pembeni, kwa ustadi, pale ambapo Dzaleka pana ukuta.

Mpira ukavuka mstari, ukapita miguuni mwa watazamaji, ukaingia kwenye tuta la mboga.

Hapo ndipo nikaelewa. Katika maisha yangu sijawahi kuona uwanja wa magongo ila ule wa barafu ndani ya simu na ule wetu wa kanisa, na viwanja vyote viwili vina ukuta. Nilidhani duniani kote ni hivyo! Watoto wakaendelea kuuchezea ukuta uliobaki Dzaleka. Shingo, rangi, sauti, tuta la mboga. Tukafungwa moja, tukafungwa tatu. Mwenye mboga akaja kusimama na kapu.

Mapumziko yalipofika nilitaka kulia, nikaangalia lile kapu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Watoto nao wakacheka. Shemasi peke yake hakucheka.

“Mama, hii mchezo yako inaombaka ukuta,” alisema. “Huku ukuta haiko. Goli itatoka wapi?”

Nikamshika bega mfupi kuliko wote, mtoto asiyetulia hata kwenye maombi. “We njo ukuta,” nikamwambia. “Simama karibu na mustari. Mpira ikikufikia, usikae nayo. Uirudishe mbele, kama ukuta.”

“Na nikichoka?”

“Ukuta haichokake!”

Tulipoanza tena, yule mfupi akawa anapotea, mara ndani mno, mara karibu na goli. Ghafla nikasikia ngurumo upande wa pili. Shemasi alikuwa anatembea kando ya mstari, koti limefungwa vifungo vyote, mkono juu. “Ukuta iko hapa! We kafupi, ukuta iko hapa! Songa!” Na kafupi akamfuata kama kivuli.

Dakika za mwisho beki wetu akageuza shingo. “Nyeupe!” Akasukuma pembeni, ukuta wetu mwenye miguu miwili akaurudisha mbele, mwenzao akakimbia nao peke yake, akapiga. Goli!

Tulifungwa tano kwa moja, na tukaruka sana hata wenyeji wakaanza kuulizana hesabu. Wakatupa nsima, yaani ugali wao, na maharage, tukashukuru kwa lugha yao, zikomo, tukapanda gari tukiimba. Shemasi alitazama nje ya dirisha njia nzima. Nikaanza kuogopa upya, maana goli aliliona, lakini mboga pia aliziona.

Asubuhi nikasikia mwiko ukikwaruza. Nikatoka mbio. Shemasi alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta na ndoo ya simenti, anaziba. Mtu akitengeneza ukuta wake ni kwamba hataki uguswe tena.

“Mama,” alisema bila kugeuka, “pale banagongaka sana njo wapi? Unionyeshe. Nataka kuweka simenti mara mbili.”

Nikatoa chaki yangu ya kukatia nguo na kuchora duara ukutani. Akalitazama, akakuna kichwa.

“Ongeza, mama,” akasema. “Ule kafupi hapigake sawa.”