Wifi Yako Ina Virusi

Kompyuta yangu ilimtangaza wifi yangu kwa ukoo mzima.

Msicheke. Subirini kwanza.

Mimi natengeneza kadi za harusi na vipeperushi, nyumbani, sebuleni kwa kaka yangu. Humo ndani tuko mimi, kaka, mkewe, na shangazi yetu aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka.

Shangazi ana kiherehere cha kuzaliwa nacho. Kitufe akikiona, lazima akiguse.

Siku hiyo nilitoka kupeleka kadi kwa mteja. Nikaacha mashine inawaka, akaunti zangu zote ziko wazi. Shangazi akakaa, akatafuta tamthilia ya bure. Za bure! Watu wazima bado wanaamini kuna vya bure.

Nikiwa njiani simu ikaanza kutetemeka kama ina homa. Binamu, mjomba, hadi mteja wangu: "Dada, ulichotuma ni kweli?"

Nikafungua. Kutoka kwangu, kwa jina langu, kwenda kwa kila mtu ninayemjua:

"HATARI! Wifi yako ina virusi. Bonyeza ONDOA kabla havijaenea nyumba nzima."



Nikarudi mbio. Shangazi ametulia kwenye kiti changu, uso umejaa huruma ya uongo.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimeokoa familia. Iliandikwa hapo, wifi yako ina virusi. Nikabonyeza Ondoa. Wewe usingebonyeza?"

"Hiyo ni wifi ya intaneti! Na imeandikwa *ina*, shangazi. Mtu angekuwa *ana*!"

"Sasa mashine inajua sarufi?"

Jamani. Nilitamani ardhi inimeze, ila immeze yeye kwanza.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na alama ya kijani: "Hongera, umelindwa." Eti umelindwa! Nikachomoa waya wa intaneti, nikamwita fundi.

Fundi alipoona ile alama, akaguna.

"Tovuti haiwezi kuchungulia ndani ya mashine yako ikaona virusi," akasema. "Walikuwa wanatisha tu. Mashine ilikuwa nzima. Ugonjwa ni hiyo dawa mliyobonyeza."

Kumbe msafishaji aliyekuja na kile kitufe cha Ondoa ndiye mwizi. Ameingia na ndoo na ufagio, shangazi akamfungulia mlango, yeye akaanza kubeba nywila zangu na kutuma mtego kwa marafiki zangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi akafuta kila kitu, akaiweka mashine upya. Kadi zangu zilipona kwa sababu huwa naweka nakala pembeni. Nywila nikabadilisha kwa simu, siyo kwenye ile mashine chafu. Shangazi akafunguliwa akaunti yake isiyoweza kusakinisha hata saa ya ukutani. Akanuna hadi jioni.

Mimi akili yangu ilikuwa kwa wifi. Tangu ujumbe ule utoke alikuwa amejifungia chumbani. Na ulikuwa umetoka kwa jina langu. Niliona aibu.

Nikawakusanya wote sebuleni, nikaeleza. Ukoo ukapigiwa simu, ukaambiwa. Watu wakashusha pumzi, wakacheka. Kaka yangu ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Wifi akatoka chumbani. Ana begi.

"Mke wangu, si umesikia? Ilikuwa kompyuta!"

"Nimesikia," akasema. "Kompyuta ilituma ujumbe. Nilitoka kunywa maji, nikakuta umekitenga kikombe changu kwenye dirisha la jikoni. Hicho nacho kimetengwa na kompyuta?"

Kaka akanyoosha mkono alishike begi. Wifi akalivuta.

"Hukuniuliza hata neno moja. Na hata ningekuwa navyo kweli, kikombe kina kosa gani?"

Akanikumbatia mimi, ambaye jina langu ndilo lililomchafua, akatoka. Kaka alisimama pale na elimu yake yote.

Basi ndugu msomaji, ukurasa ukikupigia kelele kwamba unaumwa, usibonyeze hata kile kialama chake cha kufunga. Zima programu nzima. Kinga ichukue kwa walioitengeneza, usiichukue kwa mpita njia anayekupigia hodi na dawa mkononi.

Mashine yangu ilipona kabla jua halijazama.

Wifi hajarudi mpaka leo, na simlaumu.