Jezi za Barafu kwenye Mchanga wa Marudio

Belo la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na ya sabuni ya watu usiowajua. Wiki iliyopita niliisikia tena sokoni Geita, nikiwa napumzisha miguu baada ya safari nyingine isiyonipa kitu. Nikasahau nilichofuata pale. Nikajikuta nimerudi machimboni, karibu na Bulyanhulu, nina miaka kumi.

Mama aliuza nguo pale machimboni. Siku hiyo alikuwa ameagiza belo la blauzi, zikatoka jezi: nzito, za mikono mirefu, zenye namba mgongoni, na pana mabegani utadhani zimeshonewa ng'ombe. Mama alikaa chini, akashika tama. Fundi Rashidi, aliyekuwa akitengeneza karasha za kusaga mawe, akasoma maandishi ya kifuani. Akasema ni jezi za timu ya taifa ya vijana ya nchi moja ya baridi. Wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu.

"Barafu hii ya kuwekea soda?" Mama aliuliza.

"Hiyo hiyo, Mama Kabula. Kwao inakuwa uwanja. Wanavaa viatu vyenye visu."

"Basi hawana shamba la kulima."

Nilimuuliza fundi maswali mpaka akanipa spana niishike ninyamaze. Nani aliianzisha timu hiyo? Walimfunga nani? Wale vijana sasa wako wapi, na kwa nini nguo zao zimeuzwa? Akajifuta mikono.

"Wamekua, Kabula. Timu ya vijana haizeeki. Wanaozeeka ni vijana."

Hakuna aliyenunua jezi ya baridi kwenye joto lile, kwa hiyo Mama akatuachia sisi watoto. Ndivyo ilivyoanza historia ya timu yetu ya taifa, iliyodumu kiangazi kimoja.

Uwanja wetu ulikuwa marudio, ule mchanga laini unaobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa dhahabu. Ukimwagia maji kidogo unateleza kama sabuni. Magongo tulichonga kwa mabaki ya miti ya kuzuia mashimo yasibomoke. Mpira wenyewe ulikuwa soli ya kandambili. Nahodha nilikuwa mimi. Kipa alikuwa Dotto, mtoto wa marehemu mama yangu mdogo, aliyelelewa kwetu. Pacha wake, Kulwa, alilelewa Ushetu na mjomba wetu Masunga, mkulima wa tumbaku na mcheza ngoma asiyechoka. Jezi ya Dotto ilimfika miguuni, akaona hana haja ya kuvaa kitu kingine.

Hatukujua jinsi ya kupata mshindi kwenye mchezo ule, tukatumia sheria tuliyokuwa nayo. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili ya ngoma hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Nasi tukafanya hivyo. Kila timu ilikuwa na upande wake wa watazamaji, na magoli yalikuwa ya kuwavutia tu. Dotto alikuwa akijiangusha makusudi, anafungwa huku amepindua miguu hewani, na watu wanahamia kwetu mbio.

Kiangazi kilipokaribia kwisha Mjomba alikuja kumchukua Dotto. Vitalu vya tumbaku vilihitaji mikono, na Kulwa alikuwa akimuulizia pacha wake kila siku. Mama alikataa. Mimi nililia. Dotto mwenyewe alisema hawezi kuiacha timu.

"Timu gani?" Mjomba akacheka. Tulipomweleza akacheka zaidi. "Haya. Jumapili chezeni niwaone. Mkiwazidi wenzenu watu, Dotto anabaki kwenu."

Jumapili tulicheza na watoto wa upande wa karasha. Sijawahi kujituma namna ile tena, kwa kazi wala kwa mume. Dotto alianguka mara sita. Mama aliacha meza yake, wauza nyanya wakaja na beseni zao, na upande wa wenzetu wakabaki bibi mmoja na mbuzi. Mjomba, amekaa juu ya jiwe, alifuta machozi ya kicheko. Nilijua tumeshinda.

Ndipo sauti ikatoka mlimani: "Limetema! Duara la juu limetema!"

Duara, yaani shimo, likitema dhahabu, anayewahi huokota mawe yanayodondoka kabla mwenye shimo hajaweka walinzi. Uwanja mzima ulikimbia. Wapinzani wetu wakatupa magongo. Mimi nikavua jezi, nikafunga mikono yake iwe mfuko, nikakimbia.

Nilirudi jua likizama, na mawe ambayo hayakuwa na kitu. Dotto alikuwa bado langoni, amekaa. Mjomba alikuwa kando yake, wanamenya karanga.

"Tumeshinda, Mjomba. Watu wote walikuwa wetu."

"Walikuwa." Akatema ganda. "Mwishoni nimewahesabu, mayu. Nimempata mmoja."

"Nani?"

"Mimi."

Nikamwita mwongo, mbele ya Mama. Mama hakunikemea. Naye alikuwa na mawe kwenye kanga. Asubuhi waliondoka kwa baiskeli, Dotto nyuma, hakugeuza shingo.

Miaka mingi nilisimulia habari hii machimboni kama habari ya kudhulumiwa. Shule niliiacha mwaka uliofuata, tulipoifuata dhahabu kwingine. Na baada ya Mama kufariki niliendelea mwenyewe. Kila niliposikia kumetema, nilifunga mzigo.

Mwaka jana nilipita Ushetu kwa Dotto. Ana nyumba, ana bani la kukaushia tumbaku, na Kulwa ni jirani yake. Mkewe alinipikia ugali na mlenda, nikaahidi kukaa mwezi. Siku ya tatu simu iliita: kuna shimo limetema, huko ng'ambo ya Geita. Nikautazama mkoba wangu. Dotto alishaanza kuitoa pikipiki.

"Twende nikufikishe stendi, dada," alisema, bila hasira yoyote. "Usichelewe."

Nyuma ya mgongo wake, vumbi likinijaa machoni, nilielewa kwamba Jumapili ile Mjomba alikuwa akitafuta mtu wa kumwachia mtoto. Alinitazama mimi kwanza, nikiwa nakimbia.