Ndugu yangu msomi alivyoziba gap ya ua wetu Silibwet

Wakuu, habari za mvua huko kwenu? Haya ni ya nyumbani kwetu kabisa, hakuna chumvi.

Ndugu yangu Kariuki alirudi Silibwet kutoka Nairobi na degree ya English na roll ya seng'enge. Alikuja kutuokoa, ingawa hakuna aliyekuwa amepiga nduru.

Kati ya majani chai yetu na ya jirani yetu Mkipsigis, mama mzee tunayemwita Kogo, yaani nyanya, kuna ua wa kayaba. Katikati kuna gap ya kupita mtu mmoja.

Kariuki akatukalisha chini.

Akatufunza kwamba "gap" ni neno la kale la watu wa kaskazini mwa Ulaya, na huko lilimaanisha shimo refu. Siku hizi kuna gap ya CV, gap ya soko, gap ya meno. Zote ni upungufu, akasema.

Mimi mwenye mwanya nilifunga mdomo, nisije nikazibwa pia.

"Wacha hiyo njia," Mama akamwambia. "Mwaka ule wa fujo za kura, nyumba yetu ikichomwa, tulipitia hapo. Kogo akatuficha kwake. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu."

"Mum, hiyo ni history. Hii ni security."

Mama alipoenda soko, professor akaziba.

Kesho yake, Jumapili, tukasikia hodi kwa gate ya barabarani. Alikuwa Kogo na kibuyu chake cha mursik, yale maziwa lala yao, matope mpaka magotini.

Wakuu, Kogo hajawahi kutupigia hodi maisha yake yote. Alisimama nje akingoja kukaribishwa kama mgeni.

"Nimeona mmefunga," akasema. "Nimewakosea wapi?"

Mama akalia. Mimi pia nililia, sitaficha.

Mama akageukia Kariuki. "Fungua. Saa hii."

Sasa mtaalamu wa security alikuwa na nyundo na misumari tu. Cha kukata waya hakuna.

"Pliers iko kwangu," Kogo akasema. "Kuja, kijana yangu."

Wakazunguka barabara yote, Kariuki na viatu vyake vya Nairobi ndani ya matope, akimbebea kibuyu. Alikata waya akiwa upande wa Kogo, akarudi nyumbani kupitia gap. Hakutuambia asili ya neno lolote.

Funzo: kabla hujaziba mahali, uliza ni nani hupitia hapo.

Na kwenu, msomi wenu ameziba nini? Andikeni bila woga. Kariuki yuko humu, anasoma.