Usituhesabu Mwezi Ukiwa Mpevu

Nakumbuka asubuhi niliyotoka nyumbani Rusimbi bila kujua niendako. Shule nilikwisha kuiacha darasa la sita, na miguu yangu haikupenda kutulia. Nilipofika Mwandiga nikamkuta mtaalamu mgeni akitafuta mtu anayejua Kiha. Alikuwa na kompyuta ya kukadiria umeme mpya ukifika mwambao wetu wa ziwa utaleta kazi ngapi, na waya upite vijiji gani kwanza. Nikamuuliza kompyuta itajuaje mambo ambayo hayajatokea. Akasema itajua kile tu tutakachoilisha.

Hapo ndipo nilipopaswa kutega sikio, mwanangu. Wapi! Nilikuwa nawaza kupanda mtumbwi.

Akanipa karatasi za maswali. Nikapanda mtumbwi wa abiria uendao Kagunga, nikashuka kijiji kimoja njiani. Kimya. Mitumbwi ya dagaa imevutwa mchangani, wanaume wamelala vibarazani, nyumba nyingi zina kufuli. Nikaandika: uvuvi ni mdogo, wengi hawana kazi. Penye kufuli nikaandika hapana mtu. Saa nane mchana nilikwisha maliza, nikarudi mjini nikijiona hodari.

Mwezi ulikuwa mpevu. Mtoto wa miaka mitano wa pale anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika na kushona nyavu, na wanawake hufunga nyumba wakaenda mashambani. Mimi, mzaliwa wa Kigoma, niliyekula dagaa tangu niote meno, sikuwahi kujiuliza kwa nini kuna siku wanaadimika sokoni.

Baadaye nikasikia kile kijiji kimewekwa mwisho kabisa kwenye orodha ya umeme. Nao walikuwa wakingojea umeme kwa ajili ya mashine ya barafu, maana samaki wao wa migebuka walikuwa wakiwaozea kabla mnunuzi hajafika. Nikarudi kujieleza. Nilimkuta Bi Zaituni, mwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba polepole, huku akinipima toka kichwani hadi viatuni.

"Ndiye wewe uliyetuhesabu tumelala?" akauliza. "Basi na mimi nitakuja kwenu usiku, nikute jiko limezimwa, niandike kwamba mama yako hajui kupika."

Watu walicheka mpaka nikakosa pa kuweka uso. Lakini hakunifukuza. Alinionyesha chumba kilichojaa nyavu, akaniambia nilale humo mpaka giza lirudi. Lilirudi. Asubuhi moja niliamka nikakuta mchanga wote umekuwa mweupe kwa dagaa, sina pa kukanyaga, na kila nyumba niliyoiandika tupu imetoa watu wawili watatu wa kuanika. Nikaandika upya, nikampelekea mtaalamu. Akasema nimechelewa, taarifa imekwisha pita. Kijiji kikaendelea kusubiri, na bado kinasubiri.

Nimetangatanga kwingi tangu siku hizo, lakini chumba kile ndicho ninachorudia. Nimo humo sasa. Na jana mlishuka ninyi, vijana wenye vishikwambi, mnauliza habari za njia mpya ya umeme, na mwezi uko juu mviringo kama sinia! Nimechoka, jamani. Nilipowaambia, mkanijibu kwamba kishikwambi hakina mahali pa kuandika mwezi. Mtumbwi wenu unaondoka saa nane, ileile saa yangu.

Mwanangu, wewe uliyebaki kunisikiliza, usiondoke nao. Kabla ya kumwuliza mtu anafanya kazi gani, mwulize anaifanya lini. Ukikuta kufuli, mwulize jirani, mwenye nyumba amekwenda wapi. Kama waliokutuma hawakukuachia nafasi ya jibu hilo, waambie, hata wakinuna. Sisi tumesubiri kwa kosa la mchana mmoja. Wao watavumilia siku kumi, mpaka giza lirudi.

Nyavu nimezitoa, mkeka nimekutandikia, na Bi Zaituni, mzee sana sasa, amekwisha uliza kama unakula mgebuka. Mungu akujalie mwenyeji kila ufikapo, na moyo wa kukaa mpaka uwaone watu wakiwa kazini.