Mtoto Aliyeanguka Kwenye Maombi

Namalwa hakuwa na subira na hadithi ndefu. Mzazi akianza, "Daktari, jirani amesema…", alimkata kauli: "Jirani hayuko hapa. Nionyeshe mtoto." Alikuwa afisa wa kliniki katika zahanati ndogo ya Kitengela, Mbukusu mwenye ulimi mkali, na bado foleni ya mlangoni kwake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Mwaka wa 1999 Phylis alimletea bintiye Evalyne, wa miaka minane. Tangu mtoto atoke hospitali alikolazwa kwa homa ya uti wa mgongo, alikuwa akianguka. Ajabu ni kwamba alianguka hasa watu wakiomba.

"Kanisani, nyumbani, hata paredi ya shule," Phylis alisema. "Wakisema tuombe, huyu chini. Wazee wa kanisa wanasema ako na pepo. Kesho kutwa nampeleka Machakos, akae kwa maombi na kufunga wiki mbili. Mwalimu naye hamtaki mpaka atolewe hiyo kitu. Mimi nimekuja tu unipee dawa ya kifafa, tujaribu."

"Anatoa povu? Anazimia?"

"Hapana. Anaanguka tu, halafu analia."

Evalyne alikuwa akitazama viatu vyake. Namalwa alimhurumia, na huruma ikamtia hasira. Dawa ya kifafa haikuwa peremende ya kujaribu.

"Basi tuombe," alisema.

Wakasimama wote watatu. Namalwa alilelewa na mama aliyemfinya kila alipofumbua macho kabla ya amina, na hadi utu uzima hakuthubutu tena. Siku hiyo alichungulia. Akamwona Evalyne akifumba macho, akayumba, akaenda upande mzima mzima. Akamdaka. Mtoto alipofumbua macho, alisimama wima.

"Sasa funga macho tu. Hatuombi." Akayumba vilevile.

"Sasa omba, macho wazi." Evalyne akasali Baba Yetu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakutikisika.

Namalwa akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Angalia pua yangu, usiiache." Akakigeuza kwa ghafla, kidogo tu. Macho ya mtoto yakaiacha pua, kisha yakaruka kuifuata. Upande wa pili, hivyo hivyo. Macho ya mtu mwenye afya yangebaki puani.

Namalwa akakiachia kichwa. Chuoni alisoma mistari miwili tu kuhusu jambo hili: ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kinachouambia mwili juu ni wapi. Homa ilikuwa imekiua, kulia na kushoto. Na mtoto huyu, bila kufundishwa na yeyote, alikuwa amejifunza upya kusimama duniani kwa macho yake na nyayo zake. Namalwa alishikwa na kicho ambacho hata kanisani hakuwahi kukisikia.

"Hakuna pepo hapa," alisema. "Ni masikio. Akifunga macho, hana kitu ya kumshikilia. Nawaandikia barua muende kwa daktari wa masikio Nairobi. Machakos haendi."

Phylis alimgeukia bintiye. "Nyumbani alikuwa anakataa kufunga macho," alisema polepole. "Mimi ndio nilikuwa namfunika na mkono."

Evalyne akainua uso.

"Nilikuambia nikifunga naanguka, mum. Ukasema ni pepo inaongea."