Mhudumu wa Meza za Dirishani

Mhudumu wa meza za dirishani ana mikono mipana iliyobabuka kwa mvuke, na sauti nzito inayofika jikoni bila yeye kuipaza. Hufuta meza hata ikiwa safi, kisha humtazama kila mteja usoni na kumuuliza yeye mwenyewe anakula nini. Hata mtoto mdogo humuuliza. Kinachomchefua ni mtu kumjibia mwenzake.

Mchana mmoja aliingia bwana mmoja mwenye tai, pamoja na mama yake mzee. Mhudumu alipomgeukia mama, mwana akadakia: "Huyo mletee supu. Meno yenyewe hana, atatafuna nini?" Akacheka, akiwaangalia watu wa meza ya jirani ili nao wacheke. Mama akainamisha kichwa, akawa anavutavuta ncha ya kitambaa cha meza. Mhudumu akalitupia tambaa lake begani, akainama mpaka macho yake yakakutana na ya yule mama.

"Shikamoo, mama. Wewe unataka kula nini?"

"Dada, si nimeshakwambia?"

"Nimemuuliza mama, kaka."

Bwana akatishia kumwita meneja. "Mwite, yuko pale kaunta," akajibu mhudumu, wala hakusogea.

Mama akainua uso polepole. "Kuku wa kukaanga," akasema. "Paja. Na liwe langu peke yangu."

Lilipoletwa, alilichambua kwa vidole, uzi kwa uzi, bila haraka yoyote, na mwanawe akakaa kumsubiri.