Bi Swichi na Faharasa ya Stoo

Hospitali nzima ilimwita Bi Swichi, naye aliitika bila kununa. Alikuwa mtunza stoo ya vifaa, mwembamba, mwepesi wa miguu, na alipofunga kazi hapakuwa na taa, feni wala birika la umeme lililonusurika mkono wake. Mama yake aliwalea yeye na nduguze kwa mshumaa uliokatwa vipande; mwanga wa bure kwake ulikuwa kama chakula kilichomwagwa.

Stoo ilikuwa imepangwa upya karibuni. Wapagazi walipandisha makasha, wakamtajia rafu, naye akaandika kila kifaa kwenye kompyuta. Aliipenda. Unaitajia jina, inakwambia kilipo, kama mtoto mwenye adabu anayeitika kabla hujamaliza kumwita.

Asubuhi hiyo muuguzi wa wodi ya vichanga aliingia akihema.

"Shoga, nisitiri! Kipima joto cha kitanda cha kioo kimekufa. Nina kichanga aliyekuja kabla ya siku zake. Mama amemkumbatia kifuani, lakini naye anaingia upasuaji sasa hivi. Vitanda vingine vimejaa. Akishatolewa pale kifuani, nimlaze wapi?"

Bi Swichi aliandika jina la kifaa. *Hakuna.*

"Hakuna vipi? Nimekipokea juzi kwa mikono hii!"

Akaandika tena. *Hakuna.* Akainua macho: makasha ya rangi moja, yamefungwa, yamepanda hadi darini. Kuyafungua moja moja, mchana ungewakuta hapo hapo. Na kama kweli hakimo? Mtunza stoo akipoteza kifaa hupoteza na jina lake. Lakini hakuwaza jina lake. Aliwaza yule kichanga anayekaribia kuondolewa kifuani mwa mama yake.

Akampigia fundi wa kompyuta, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, mashine haitembei kwenye rafu," fundi alisema. "Inasoma faharasa yake, kama wewe unavyofungua kurasa za nyuma za kitabu kuona neno liko wapi. Kitu kipya hakionekani mpaka faharasa ijengwe upya. Ya kwanza niliijenga mwenyewe; tangu hapo nimeipanga ijijenge yenyewe kila jioni, mkishaondoka."

"Jioni?"

"Jioni. Usiniambie mnaizima."

Bi Swichi akaitazama swichi ya ukutani.

"Bi Swichi wewe!" Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Umeilaza kila siku na njaa, halafu unaiuliza habari za chakula!"

"Utanicheka Jumapili mbele ya kaka yako. Sasa niambie nibonyeze wapi."

Akamwelekeza. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta, taratibu kama konokono anayepanda ukuta. Muuguzi alimshika bega. Mstari ulipofika mwisho, Bi Swichi akaandika tena.

*Rafu ya dirishani, chini.*

Kilikuwa nyuma ya makasha ya glavu. Muuguzi alikinyakua akakimbia, kiatu kimoja nusura kimtoke.

Mchana Bi Swichi alipita wodini, akachungulia. Kichanga alilala ndani ya kitanda cha kioo, ngumi shavuni, kama mtu aliyechoshwa na maswali ya wakubwa.

Jioni alizima feni. Akazima birika, akazima taa. Mkono ukaifikia kompyuta, ukasita.

"Haya, wewe baki na kazi yako," akaiambia. "Lakini hiki kioo, nani anakitazama?"

Akazima kioo tu, akafunga mlango.